Ratiba ya Siku Nne

Dada Desderia, basi litakushusha Mbezi usiku wa Alhamisi.
Watakaokuvuta begi ni wengi, ndugu ni mmoja:
shati la kijani, kipara, amesimama karibu na mama wa karanga.
Usimwitikie mwingine hata akilijua jina lako.

Nimechana risiti tatu, nimeandika nyuma yake
siku zako nne, kwa kalamu ya wino mwembamba
ninayoandikia namba za saa za watu.

Ijumaa. Saa mbili asubuhi, mwendokasi mpaka Kivukoni,
kabla jua halijashika kola ya shati.
Pantoni ya Kigamboni, kwenda na kurudi,
na utamu uko kwenye kurudi:
majengo yote yanasimama mbele yako
kama darasa linalopigwa picha, warefu nyuma,
na kanisa la Azania mbele, limekaa chini, mikono magotini.
Hivyo ndivyo anavyosimulia Mwinjuma wa mikanda.
Mimi nimepanda pantoni mara moja, usiku, kwenda msibani,
nikatazama viatu.

Usinicheke. Miaka ishirini na mbili niko Mtaa wa Mchikichi,
jicho moja limefumba, jingine limebana lenzi.
Mji huu nimeuona ukubwa wa sarafu:
vumbi, meno ya shaba, springi nyembamba kama unywele.
Anayeniuliza njia ya Makumbusho ya Taifa
namwelekeza kwa mkono ulionyooka,
kwa uhakika wa mtu ambaye hajawahi kufika.

Jumamosi, basi, ndiyo hiyo Makumbusho.
Nilipiga simu kuuliza kiingilio.
Binti akasema, "Mwenyeji au mgeni?"
Nikatafuta jibu mpaka salio likaisha.

Jioni mihogo ya Koko, pilipili pembeni,
maana tumbo lako nalijua tangu shule.

Jana ukanijibu kwa sauti, kuku wako nyuma wakichangia.
"Ratiba nzuri, Avelini. Lakini maji nimeyaona,
Ziwa Rukwa halijahama.
Mimi nataka zile ngazi zinazopanda zenyewe,
nisimame tu kama gunia la mahindi, zinipeleke."
Kisha hata kuku wakanyamaza.
"Halafu Muhimbili. Lango alilopitia Gaudensi.
Sitalia. Nataka kujua lina rangi gani."

Gaudensi alikuja na barua ya rufaa mwaka wa mvua za El Nino,
na soksi ulizomfumia wewe.
Akarudi kwa simu ya upepo ya parokia, maneno sita,
matatu yakiwa Tumsifu Yesu Kristo.

Leo nimefunga meza saa tisa. Mwinjuma akadhani naumwa.
Nikatembea. Kutoka Mchikichi ni karibu, dada,
na hicho ndicho kinachonichoma, ni karibu,
soda moja haimaliziki njiani.
Nikamuuliza mlinzi, lango la zamani ni lipi?
Kijana, amezaliwa baada ya mvua zile.
Akaonyesha hapa, akafikiri, akaonyesha kule.
Yote mawili yamepakwa rangi juzijuzi.
Alipogeuka kufungulia gari
nikakwangua kidogo kwa ukucha.
Chini ya kijivu kuna bluu.
Chini ya bluu sikufika.

Kwa hiyo Jumapili nimeifuta, nimeiandika upya:
misa ya kwanza. Ngazi zako, upande na ushuke
mpaka walinzi watuzoee. Halafu lango.
Saa sikuandika, mimi, fundi saa.
Jumatatu tutajua hukohuko.

Sweta liache Laela, huku ni mzigo.
Kucha usikate.